Kwa Nini Wauguzi Wale Walibaki?



Muuguzi akiacha kazi, wengi wetu hukimbilia kusema mshahara haukutosha, au ndoa na zamu za usiku vimemshinda. Historia inatufundisha kuuliza na jambo jingine: aliongozwaje?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Marekani ilikuwa na uhaba mkubwa wa wauguzi. Hospitali ziliajiri, na baada ya muda mfupi zikaachwa. Ndipo taasisi ya wauguzi ya huko, American Academy of Nursing, ikaligeuza swali. Badala ya kuuliza kwa nini wanaondoka, ikauliza: mbona wengine wanabaki? Zilichunguzwa hospitali 163, zikachaguliwa 41 zilizoweza kuwavuta wauguzi na kukaa nao. Zikaitwa hospitali za sumaku, na matokeo yakachapishwa mwaka 1983.

Waliulizwa wakuu wa uuguzi, wakaulizwa na wauguzi wa wodini. Majibu yao yalikaribiana. Mshahara ulitajwa, na idadi ya kutosha ya wauguzi pia. Lakini walimtaja sana kiongozi anayeonekana wodini na anayefikika. Anayewashirikisha kabla ya kuamua. Anayeuamini ujuzi wao. Anayepanga zamu akijua kwamba muuguzi ana maisha nyumbani. Tena mkuu wa uuguzi alikuwa na nafasi katika uongozi wa juu, hivyo shida za wodini zilifika panapoamuliwa mambo.

Utafiti ule haukuishia kwenye makaratasi. Ulizaa utaratibu wa kuzitambua hospitali za namna hiyo, na mwaka 1994 hospitali ya Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, ikawa ya kwanza kutunukiwa.

Kwetu Waislamu hili si geni. Qur'ani ina sura nzima inayoitwa Shura, yaani kushauriana.

Basi bibi harusi mtarajiwa, wewe unayeshona nguo za harusi huku ukiwa na zamu za usiku, ukichoka usijihukumu upesi kuwa huwezi ndoa na kazi. Tazama kwanza kama unasikilizwa kazini. Na wewe dada uliyekabidhiwa wodi, wale wauguzi ni amana. Kabla ya kubandika ratiba ya mwezi ujao, kaa nao uwaulize.