Akina Boswell wa New Orleans

Martha, Connie na Helvetia Boswell, aliyezoeleka kwa jina la Vet, walikulia New Orleans wakati jazi ingali changa. Nyumbani walifunzwa muziki wa kusoma: Martha akipiga piano, Connie selo, Vet fidla. Lakini masikio yao yalikuwa nje pia, kwa waimbaji Weusi wa mji ule, na huko ndiko walikookota mengi ya yale yaliyowapa jina. Connie alipooza miguu tangu utotoni, kwa hiyo jukwaani aliimba ameketi.

Machi 1925 walirekodi santuri yao ya kwanza. Baadaye wakahamia California, na kufikia 1931 walikuwa New York, wakisikika redioni karibu na majumba ya Broadway yaliyokuwa yakitoa nyimbo mpya kila msimu. Mwaka huohuo walishiriki, pamoja na Bing Crosby, katika santuri ya nyimbo za onyesho la George White's Scandals.

Kazi yao hasa ilifanyika kwenye piano ya Martha. Wimbo wa jukwaani ulifika ukiwa umenyooka: ubeti, kiitikio, basi. Wao waliufumua. Mwendo wa haraka ungekatwa ghafla ukawa wa taratibu, wimbo wa furaha ungegeuziwa sauti za huzuni, kisha maneno yangeachwa kabisa na sauti tatu zikapokezana silabi zisizo na maana kama tarumbeta, kabla ya kurudi pamoja bila hata mmoja kuchelewa. Mimi naona huu ulikuwa utunzi kamili, ingawa kwenye santuri jina la mtunzi lilikuwa la mtu mwingine.

Jack Kapp, mkuu wa kurekodi wa Brunswick, kampuni iliyotoa santuri zao, alitaka wasikilizaji wautambue wimbo waliouzoea, akasisitiza waimbe kwa namna iliyo nyepesi zaidi. Ukisikiliza rekodi zao kwa mfuatano wa miaka, unasikia ule ujasiri ukipungua. Walipohamia Decca, kampuni ambayo Kapp mwenyewe aliiongoza, hawakudumu. Wote watatu walikuwa wameshaolewa, na 1936 kundi likavunjika. Connie akaendelea peke yake.

Dada wengine watatu, akina Andrews wa Minnesota, walianza kwa kuwaiga, wakaja kuuza santuri nyingi kuliko wao. Lakini deni zito zaidi liko kwingine. Novemba 1934, katika ukumbi wa Apollo, Harlem, msichana Mweusi wa miaka 17 alipanda jukwaani kwenye mashindano ya wasanii chipukizi, akaimba kwa mtindo wa Connie, akashinda. Alikuwa Ella Fitzgerald, na hakuacha kumtaja Connie maisha yake yote. Sanaa iliyotoka kwa Weusi wa New Orleans ilimfikia kupitia wasichana weupe, ambao redio kubwa za wakati ule ziliwafungulia milango upesi kuliko Weusi walioianzisha.