Nguruwe Wasioganda Damu na Kingamwili ya Panya

Mwaka 1941 watafiti wa Missouri, Marekani, walieleza habari za ukoo wa nguruwe ambao jeraha dogo tu liliwatoa damu nyingi, maradhi yaliyofananishwa kwanza na hemofilia na baadaye yakatambuliwa kuwa yaleyale ambayo daktari Erik von Willebrand wa Finland aliyaeleza kwa binadamu mwaka 1926. Walichopungukiwa ni protini inayoitwa leo kwa jina la daktari huyo, ambayo hutengenezwa hasa na endotheli, yaani utando wa seli uliotanda ndani ya mishipa ya damu, nayo hunasa chembe sahani na kuzishikiza pale mshipa ulipochanika.

Katika hospitali ya Mayo, mjini Rochester, Valentin Fuster, Walter Bowie na wenzao walitangaza mwaka 1978 kwamba nguruwe wenye maradhi hayo hawakupatwa sana na ugumu wa mishipa, hata walipolishwa lehemu nyingi. Dai hilo lilizua mjadala mrefu, kwani majaribio ya baadaye hayakuliunga mkono lote. Kikwazo kimoja kilikuwa cha vifaa: protini hiyo husafiri katika damu ikiwa imeshikamana na nyingine iitwayo faktari VIII, na kingamwili zilizopatikana kwa kumchanja sungura zilikuwa mchanganyiko usioweza kuzitenga vizuri.

Njia ya kukiondoa kikwazo hicho ilikuwa imefunguliwa Cambridge mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein walipounganisha seli za wengu wa panya aliyechanjwa, ambazo hutengeneza kingamwili lakini hufa upesi, na seli za saratani zinazozaliana bila kikomo. Kila seli chotara hutengwa katika kishimo chake, na uzao wake wote hutoa kingamwili ya namna moja, inayoshika sehemu moja tu ya protini. Ugunduzi huo haukuwekewa hataza, na kwa hiyo, jambo la kushukuriwa, maabara nyingi ziliutumia upesi. Kufikia mwaka 1981 watafiti wa Mayo walikuwa wamechapisha taarifa ya kingamwili zao dhidi ya protini ya von Willebrand, zilizopimwa kwa nguruwe na kwa binadamu.

Mwaka 1987 kundi la North Carolina lilivuka hatua ya kupima tu, likawapa nguruwe wazima kingamwili ya aina hiyo, hivyo kuizuia kwa muda protini ambayo wale wa Missouri walizaliwa wakiwa na upungufu wake. Ateri ya moyo ilipobanwa na kujeruhiwa kwa makusudi, haikuzibwa na damu iliyoganda.