Sayansi ya siasa: masomo na kazi

Sayansi ya siasa ni taaluma ya chuo kikuu inayochunguza dola, katiba, vyama, uchaguzi na uhusiano wa mataifa. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliifundisha Makerere hadi 1973. Yoweri Museveni aliisoma Dar es Salaam pamoja na uchumi, akahitimu 1970.

Burundi ni darasa lenye uzito wa pekee. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000, ulioanza chini ya usuluhishi wa Nyerere na kukamilishwa na Mandela, ulizaa Katiba ya 2005: Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40 bungeni, pamoja na viti 3 vya Watwa. Kura zisipotimiza uwiano huo, wabunge huongezwa kwa uteuzi. Hesabu hiyo haieleweki bila kusoma mifumo ya uchaguzi.

Wahitimu huingia wizarani, ubalozini, katika tume za uchaguzi, mashirika na vyombo vya habari. Viwanda pia visisahauliwe, kwani navyo huhitaji watu wanaoelewa maamuzi ya kisiasa: katika eneo la viwanda (Zone Industrielle) la Bujumbura, gharama ya malighafi kutoka nje hutegemea ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007.