Lugha za Kariakoo na Akili za Wazee Wetu

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapa baada ya Wajerumani kung'olewa Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wale walitoka makabila mengi. Tangu mwanzo, basi, kuishi Kariakoo kulikuwa kuishi katikati ya lugha.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi. Kizaramo alikinyonya kwa mama yake, Kiswahili alikipata mtaani, na Kigujarati cha kupimia vitambaa alikiokota dukani. Hakuna aliyemwita msomi.

Mwaka 2007, Ellen Bialystok na wenzake walichunguza wagonjwa 184 wa Toronto, Kanada, wenye maradhi ya kusahau ya uzeeni. Waliozungumza lugha mbili walianza kuonyesha dalili takriban miaka 4 baada ya wenye lugha moja. Mwaka 2013, Suvarna Alladi na wenzake wakaona tofauti ya miaka 4 na nusu kati ya wagonjwa 648 wa Hyderabad, India, hata kwa wasiojua kusoma. Inadhaniwa kuwa ubongo, kwa kuchagua lugha moja na kuizuia nyingine kila siku, hujijengea akiba. Zipo tafiti ambazo hazikuona faida hiyo, na hakuna anayedai kuwa lugha ni kinga.

Babu naye hakukingika. Alishona hadi alipopita miaka sabini, kisha usahaulifu ukamwingia. Kigujarati kilimtoka, Kiswahili kikafuata, Kizaramo kikabaki. Sisi wajukuu tulidhani anaweweseka. Siku moja jirani yetu, bibi wa makamo yake, akasikiliza kidogo, akatuambia: "Haweweseki huyu, wanangu. Anamwita mama yake."

Kiswahili kilituunganisha. TANU, iliyozaliwa mwaka 1954 katika mtaa uitwao leo Lumumba, pembeni tu mwa Kariakoo, ilikitumia kulijenga taifa, nami sioni fahari kubwa kuliko hiyo. Lakini kukijua Kiswahili hakukutudai tukisahau Kizaramo. Hilo tulilifanya wenyewe, tukaliita ustaarabu.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mzee mwenye lugha yake, kaa naye akufundishe. Huenda ikamfaa yeye leo, na wewe kesho. Nami natamani ningelimjibu babu yangu, japo kwa neno moja.