Rungu na Sindano

Nilipokuwa darasa la nne, mbwa wetu alimuuma mtoto wa jirani mguuni. Kabla jua halijazama, vijana watatu walifika na marungu. Hakuna aliyeuliza kama mbwa amechanjwa, na kusema kweli hakuwa amechanjwa. Mtoto alipakwa mafuta ya taa kwenye kidonda, na kwa bahati alipona. Mbwa alizikwa nyuma ya choo.

Vijana wale walikuwa wanafuata desturi ya zamani sana. Mwaka 1832 watawala Waingereza wa Bombay waliamuru mbwa wa mitaani wauawe, na kila aliyeua akalipwa. Waparsi, ambao dini yao inamheshimu mbwa, waliandamana hadi jiji likasimama. Mwaka 1910 wakuu wa Istanbul, kwa jina la usafi na usasa, waliwapakia mbwa kwa maelfu kwenye vyombo na kuwatupa katika kisiwa kikavu cha bahari ya Marmara, wafe kwa njaa na kiu. Na hayo si ya kale tu. Kichaa cha mbwa kilipoingia Flores, Indonesia, mwaka 1997, waliuawa mbwa mamia ya maelfu. Ugonjwa ulibaki.

Kwa nini rungu linashindwa? Mbwa aliyeuawa huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga. Anayempenda mbwa wake humficha, au humhamishia kijiji kingine, pengine akiwa tayari na virusi mwilini. Na mbwa mpole aliyechanjwa ndiye rahisi kukamatwa.

Sindano nayo ina historia yake. Watu humkumbuka Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa ambaye Louis Pasteur alianza kumtibu Paris tarehe 6 Julai 1885, kwa chanjo iliyotokana na uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Kinachosahaulika ni kwamba Pasteur alikuwa ameijaribu kwanza kwa mbwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi chanjo ilibaki ya binadamu aliyekwisha kuumwa. Mwaka 1921 ndipo Wajapani Umeno na Doi walipoeleza chanjo ya mbwa ya sindano moja. Japani ikaja kutunga sheria mwaka 1950: mbwa wasajiliwe, wachanjwe, wazururaji wakamatwe. (Kukamata huko nako hakukuwa kwa upole.) Kufikia 1957 ugonjwa ulikuwa umekwisha nchini humo.

Hesabu yenyewe haitishi. Kwa wastani, mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wenzake wasiofika wawili. Ndiyo maana wataalamu husema chanja asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka. Hiyo ziada ni kwa sababu wengine watakufa na wengine watazaliwa kabla ya kampeni ijayo.

Mfano ulio karibu nasi ni Pemba. Chanjo ya kisiwa kizima, mwaka hadi mwaka, ilimaliza kichaa cha mbwa huko kufikia Mei 2014. Kisha kampeni zikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena kutoka nje, mara mbili, vikakuta mbwa wasio na kinga, na watu wakaanza kuumwa upya. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 mlipuko huo ukazimwa.

Siku hizi nafuga mbwa tena. Kadi yake ya chanjo naiweka pamoja na vyeti vyangu vya shule, na watoto wa jirani nimewafundisha: ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, maana dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mmoja aliniuliza kama mafuta ya taa hayatoshi. Kumbe bado yanapakwa.