Kamba ya Mpimaji

Mji wa Lubumbashi, ulioitwa Élisabethville mpaka mwaka wa 1966, ulianzishwa mwaka wa 1910, wakati Emile Wangermée alipokuwa mkubwa wa Katanga. Mwaka ule ule reli ilifika kutoka Rhodesia. Wapimaji walifyeka pori, wakavuta kamba: barabara zilinyoka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu.

Mpango huo ulikuwa na faida yake. Kila lupango uligusa barabara, tena mji uliweza kuongezwa bila kuvunja kilichojengwa.

Lakini kamba ile ilipima watu pia. Wazungu walipewa viwanja vikubwa; Waafrika waliwekwa kando, na katikati paliachwa eneo tupu. Wakubwa walitaja malaria na afya. Hata hivyo watumishi wa nyumbani waliruhusiwa kulala nyuma ya nyumba za mabwana wao. Kama ugonjwa ndio uliokuwa sababu, mbona hao hawakuogopwa? Ndivyo ilivyozaliwa Kamalondo, na baadaye Kenya, Katuba na Ruashi.

Sheria za ubaguzi zimekwisha, lakini barabara haifi pamoja na sheria. Nyumba hubomolewa, njia hubaki. Mtu wa Ruashi aendaye kazini katikati ya mji angali analipa, kwa miguu au kwa nauli, umbali uliochorwa na wengine.

Basi, msomaji, anayekata viwanja leo atenge kwanza njia ya maji ya mvua, shule na soko, ndipo auze lupango wa kwanza. Wajukuu watatembea katika mistari yake.