Vitabu vya Taichi na Nasaba za Kubuni: Somo la Tang Hao



Leo naomba niwatoe kidogo katika mijadala yetu ya kila siku niwapeleke China. Atakayeuliza "na huyu kaingiaje huko?" nitamjibu: kwa goti. Daktari aliniambia goti langu la kulia limechakaa, nisikimbie tena, nijaribu taichi. Basi nikajiunga na darasa la Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mtaa hapa tunapoishi Uingereza. Mwalimu wetu ni bwana mmoja mtu mzima wa Hong Kong, mpole, mwenye mwendo kama wa paka. Siku ya kwanza kabisa akatusimulia kwamba mchezo huu ulianzishwa zamani za kale na mtawa wa Kidao aitwaye Zhang Sanfeng, katika mlima Wudang. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mie nimefundisha historia zaidi ya miaka ishirini; mtu akinitajia mwanzilishi na mlima bila ya mwaka, usingizi hunipaa. Nikaenda maktaba. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza tuelewane maneno. China ina mitindo mingi sana ya kupigana kwa mikono. Mitatu kati yake, yaani taichi, shingyi na bagua, huitwa mitindo ya "ndani", kwa Kichina neijia. Maana yake ni kwamba nguvu haitafutwi kwenye misuli ya mkono, bali katika mwili mzima kufungamana, pumzi kutulia, na kumwacha anayekushambulia aje mwenyewe mpaka nguvu zake zipotee hewani. Mazoezi yake yanamshangaza mgeni. Mtu wa shingyi husimamishwa katika mkao mmoja kwa muda mrefu, uzito ukiwa mguu wa nyuma, mpaka mapaja yatetemeke, ndipo afundishwe ngumi tano za msingi. Mtu wa bagua huzunguka duara, anatembea na kutembea, huku kiuno kimejipinda kuelekea katikati. Wa taichi hufuata mfululizo wa miondoko ya polepole, kisha husukumana mikono na mwenzake ili ajifunze kuisikia nguvu ya mtu kwa ngozi kabla haijamfikia. Mitindo mingine yote huitwa ya "nje", na mfano wake mkubwa ni Shaolin.

Sasa, mgawanyo huu wa ndani na nje umetoka wapi? Hapa ndipo vitabu vinapoanza kutuambia mambo.

Maandishi ya kwanza yanayoutaja ni ya mwaka 1669, nayo si kitabu cha mazoezi hata kidogo. Ni maandishi ya kaburi. Mwanachuoni mkubwa Huang Zongxi aliyaandika kwa ajili ya bingwa mmoja, Wang Zhengnan, aliyekufa mwaka huo. Ndani yake anasema kwamba Shaolin ni hodari wa kushambulia, lakini ipo shule ya ndani inayoushinda mwendo kwa utulivu, na kwamba mwanzilishi wake ni Zhang Sanfeng wa Wudang. Ati mfalme Huizong wa enzi ya Song alimwita, njiani akakwama kwa sababu ya majambazi, usiku akaota mungu anamfundisha ngumi, na kulipokucha akawaua majambazi zaidi ya mia moja peke yake!

Huizong alitawala mpaka mwanzoni mwa karne ya 12. Lakini hekaya nyingine zinamweka Zhang huyo huyo mwanzoni mwa enzi ya Ming, karne ya 14 na baadaye. Ukizifuata zote inabidi awe ameishi miaka mia tatu.

Je, Huang alikuwa mjinga? La hasha. Alikuwa miongoni mwa wanachuoni wakali kabisa wa zama zake. Ila tukumbuke mambo ya wakati ule. Mwaka 1644 Wamanchu, watu kutoka nje, waliingia Beijing na kuanza kuitawala China kwa enzi yao ya Qing. Huang alikuwa amewapinga kwa silaha. Wang Zhengnan naye alikuwa upande wa wapinzani, na waliposhindwa aliacha kula nyama maisha yake yote, kama mtu aliyekaa msibani. Kwa hivyo mtu huyu anapoandika juu ya kaburi la mwenzake kwamba wa "ndani" mwenye utulivu humshinda wa "nje" mwenye nguvu, na kwamba wa ndani ni Mdao wa China ilhali Shaolin ni ya dini ya Kibuddha iliyotoka ng'ambo, wasomaji wake walielewa anasema nini. Mtafiti wa Kimarekani Stanley Henning ameusoma hivyo mgawanyo huu, kama siasa iliyovikwa nguo za mieleka, na mie naona hoja yake ina uzito.

Miaka saba baadaye, 1676, mtoto wa Huang, jina lake Huang Baijia, akaandika kitabu kidogo juu ya mbinu zenyewe. Huyu kijana alikuwa mwanafunzi wa Wang Zhengnan kwelikweli. Lakini aliyaacha mazoezi akaenda kusomea mitihani ya serikali. Mwalimu alipofariki akatanabahi kwamba hakuna mwingine aliyebaki na ujuzi ule, na yeye mwenyewe ameuacha. Akakaa akaandika alichokumbuka: mbinu 35 za mikono, 18 za miguu, makosa ya kuepukwa. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha mchezo wa ndani, ndugu zangu, ni kitabu cha majuto. Na leo orodha ile ipo, majina yapo, lakini hakuna mkono uliorithishwa wa kutuonyesha jinsi ya kuyatenda. Jina la pigo bila ya mtu wa kulipiga ni kama jina la samaki kwa mtu asiyewahi kuona bahari.

Tena hakuna ushahidi wa kuunganisha mchezo ule wa Wang Zhengnan na hizi taichi, shingyi na bagua tunazozijua. Jina la "ndani" walivishwa baadaye sana.

Taichi yenyewe inapoonekana wazi katika historia, haipo Wudang bali katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, kwa ukoo wa Chen. Pale Yang Luchan (1799–1872) alijifunza kwa Chen Changxing, kisha akaipeleka Beijing. Wakati huo huo msomi mmoja, Wu Yuxiang, alikuwa na maandishi mafupi ya nadharia ambayo inasemekana kaka yake aliyakuta katika duka la chumvi. Mpwa wake Li Yiyu aliyanakili, na katika utangulizi wake wa mwaka 1881 akasema jambo ambalo mabingwa wengi hawakuthubutu kulisema: kwamba mwanzilishi wa taichi hajulikani. Naomba mlishike jambo hili, nitalirudia.

Karne ya 20 ilipoingia mambo yakageuka. China ilikuwa imepigwa na kila taifa, tangu vita vya kasumba vya 1839 mpaka fedheha ya 1900, na wasomi wakaanza kusema kwamba taifa ni gonjwa, lazima mwili wa raia ujengwe upya. Michezo iliyokuwa siri ya ukoo au kazi ya walinzi wa misafara ikafanywa mali ya taifa. Na mali ya taifa inataka vitabu! Sun Lutang (1860–1933), bingwa wa shingyi na bagua, alitoa kitabu cha shingyi mwaka 1915, akafuatisha cha bagua, na 1921 cha taichi, vyenye picha zake mwenyewe katika kila mkao. Taichi aliipata kwa Hao Weizhen, ambaye aliugua alipofika Beijing, Sun akamuuguza, na mgonjwa akalipa wema kwa kumfundisha. Ni Sun huyu aliyeeneza kuliko wengine wazo kwamba mitindo hii mitatu ni kitu kimoja, kwamba kupigana na kulea nafsi ni njia moja.

Baada yake milango ikafunguka. Chen Weiming aliandika mafunzo ya Yang Chengfu mwaka 1925. Yang mwenyewe, mjukuu wa Yang Luchan, akatoa vitabu kwa jina lake 1931 na 1934, ingawa kalamu ilishikwa na wanafunzi wake. Na kule kijijini mzee Chen Xin alikuwa ameandika kwa miaka kumi na zaidi, kuanzia 1908, akieleza mwendo wa mwili kwa mfano wa kuvuta hariri kutoka kwenye kifuko cha kiwavi: ukivuta kwa ghafla uzi unakatika, ukilegeza hautoki. Alifariki 1929 bila kukiona kitabu chake. Kilitoka 1933.

Mwaka 1928 serikali ilifungua Taasisi Kuu ya Guoshu huko Nanjing, na kwanza ikaigawa milango miwili, Wudang na Shaolin, yaani ndani na nje. Matokeo yake? Ugomvi. Wakuu wa milango wakashikana wenyewe kwa wenyewe, na haukupita muda mgawanyo ukafutwa. Hekaya ya kaburini ikawa imezaa magomvi ya kweli miaka 260 baadaye.

Ndipo anapoingia mtu wangu, Tang Hao. Alikuwa mwanasheria, amesoma Japani, na mwenyewe anacheza. Mwaka 1930 akatoa kitabu juu ya Shaolin na Wudang, akavichambua visa kama anavyochambua shahidi mahakamani: Bodhidharma hakuwafundisha watawa wa Shaolin ngumi, na Zhang Sanfeng hakuanzisha taichi. Hata kile kitabu mashuhuri cha mazoezi ya mishipa, Yijin Jing, chenye utangulizi wa ati mwaka 628, ni maandishi ya karne ya 17 yaliyozeeshwa kwa makusudi. Kisha akafunga safari mpaka Chenjiagou kutafuta kumbukumbu za ukoo. Inasimuliwa kwamba baadhi ya mabingwa walikusudia kumpiga kwa aliyoyaandika, akanusurika kwa kuombewa na mwenzao. Mtu kutaka kupigwa kwa ajili ya tarehe! Sisi wanahistoria tunalalamika tukipewa tathmini mbaya na jarida.

Niseme kweli, hapa nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Babu yangu alituachia daftari la nasaba, majina kumi na tisa mpaka Shiraz. Niliporudi na shahada yangu nikahesabu vizazi, nikaona havifiki, nikamweleza shangazi yangu kwa furaha ya kijinga ya mtu aliyefaulu. Alinijibu, "Tumekusomesha uje kutuvunjia nyumba?" Hakusema nami kwa miaka miwili. Nilikuwa na haki katika hesabu. Lakini sikuwa nimemwachia kitu cha kushika baada ya kumnyang'anya Shiraz.

Tang Hao hakufanya kosa hilo. Alimwondoa Zhang Sanfeng, lakini akaweka pahala pake kijiji, ukoo, na watu wenye majina: Chen Wangting wa karne ya 17, na nyuma yake kitabu cha jemadari Qi Jiguang cha karne ya 16, chenye mikao 32 ya ngumi ambayo majina yake mengi yamo katika mchezo wa Chen. Wapo waliombishia, kama Xu Zhen, aliyeona Chen Wangting hakuthibitika, na mjadala haujafungwa. Ila wote wawili walibishana kwa maandishi, si kwa ndoto.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Nasaba ndefu ya uongo haiupi mchezo heshima, inaudhoofisha, maana kiungo kimoja kikikatika mtu hudhani mnyororo wote ni bure. Nasaba fupi ya kweli inatosha. Tangu Chen Changxing mpaka leo tunawajua walioshikana mikono mmoja baada ya mwingine, na hicho ndicho kitu ambacho Huang Baijia hakuwa nacho alipoandika majuto yake.

Na mwalimu wangu? Jumamosi moja nilimwonyesha ule utangulizi wa Li Yiyu wa 1881. Akausoma kwa Kichina, polepole, mara mbili. Akasema alifundishwa na mjomba wake, na mjomba wake na fulani, akawataja watu wanne, akasimama. "Hao nawajua," akasema. Kisha akanisukuma kiuno kidogo, akaniambia nikae sawa, goti lisipite kidole cha mguu. Tangu siku hiyo, wageni wakija darasani, huanza na hao wanne.

Shangazi yangu alifariki, Mungu amrehemu, kabla sijajua namna hii ya kusema. Daftari la babu ninalo mie sasa. Majina tisa ya mwisho yanathibitika kwa hati na makaburi, na hayo tisa nimeanza kuwafundisha wanangu.

Mwenye kujua zaidi aongeze, na nilipoteleza nisahihishwe.

Wasalaam.